Papash Mbele ya Kizingiti Kipya

Zamani, kule Ekroni, mtu aliruka kizingiti hata akiwa amelewa, amebeba mgonjwa mgongoni, na nyumba inaungua nyuma yake. Leo, hapa kwenye mifereji ya Babeli, wajukuu wangu wanakaa juu ya kizingiti wakimenya vitunguu, na nikiwagombeza wananiuliza, "Babu, kwani kizingiti kina nini?"

Kina nini! Mtu anayeuliza hivyo huwezi kumjibu kitu. Kwetu mtoto alijua kuruka kizingiti kabla hajajua kufunga mdomo. Bibi harusi alirushwa juu yake na kaka zake, na kama kaka walikuwa wavivu aliingia kwa mumewe na goti limechubuka. Maiti tulimpitisha juu juu. Mgeni asiyejua akikanyaga, tulimtoa nje, tukamwosha miguu, akaingia upya, na chakula kikapoa. Watu wa Yuda kule milimani walitucheka. Walisema Wafilisti wanaingia majumbani mwao kama mbuzi. Haya, wao na vizingiti vyao walivyovikanyaga wako hapa hapa pamoja nasi, tunachimba tope moja.

Lakini sikuketi kuandika habari za watu wa Yuda. Nimeketi kuandika habari za Papash mwana wa Adnash, mume wa dada yangu Hirata, maana nikifa mimi hakuna atakayejua kwamba aliwahi kuwapo duniani, na jambo hilo linaniudhi.

Papash alikuwa mshindikaji mafuta. Mji wetu wote ulikuwa wa vinu na mizeituni, hata mbwa wetu waliteleza ukiwashika, lakini kinu cha Papash kilikuwa cha zamani kuliko vingi. Alikuwa mfupi, mpana, na tumbo lake lilimtangulia kila aendako. Likiingia tumbo, ulikuwa na nafasi ya kumimina kikombe cha pombe kabla mwenyewe hajafuata. Watu walimwita Mtungi. Hakukasirika.

"Afadhali niwe mtungi," alikuwa akisema, "kuliko kuwa mpini wa jembe."

Mpini wa jembe alikuwa Shagash, mshindikaji mwingine, mwenye kinu karibu na lango. Shagash alikuwa na miguu mirefu kama ya korongo na tabia ya kuinyoosha mbele ya watu. Alikuwa kijana bado, na mafuta yake hayakuwa mabaya, nasema hivyo ili nisije nikaitwa mwenye chuki. Ila alikuwa na chuki yeye, na sababu ya chuki yake ilikuwa mtungi wa kwanza.

Kila mwaka, mafuta ya kwanza ya msimu yakianza kutiririka, mtungi mmoja ulipelekwa ndani ya nyumba ya Bibi. Bibi ndiye mungu wetu, mlinzi wa mji. Jina lake sitaliandika katika nchi hii. Aliyeupeleka mtungi alikuwa mtu wa ukoo wa Adnash, na alipaswa kuruka kizingiti cha nyumba ya Bibi asikikanyage, kisha auweke mtungi miguuni pa Bibi kwa mikono yake mwenyewe. Akishindwa mara moja tu, heshima hiyo inahamia ukoo mwingine, wala hairudi.

Papash hakuwa na kingine cha kujivunia. Watoto wake na Hirata walikuwa wamekufa wote wangali wadogo. Hakujua kuimba, hakuwahi kwenda vitani, na alipocheza kete alishindwa hata na mimi. Lakini siku moja kwa mwaka mji mzima ulimpisha njia, na mfalme mwenyewe alisimama. Na kizingiti cha nyumba ya kale ya Bibi kilikuwa kipande cha mti wa mkuyu, chembamba, kimezeeka. Papash alikivuka kama mtu anayevuka paka aliyelala.

Kisha mfalme wetu akaamua kumjengea Bibi nyumba mpya, na kazi akampa Kalitabash.

Kalitabash alikuwa amekwenda Ninawi mara moja, katika msafara uliopeleka mafuta kwa mfalme wa Ashuru, na tangu arudi hakuwa mtu wa kukaa naye. Alisokota ndevu zake kama mikia ya nguruwe. Ukimpa divai, alisema huko Ninawi divai ni nzito. Ukimwonyesha mtoto wako, alisema huko Ninawi watoto ni wakubwa. Wakati huo Ashuru ilikuwa juu ya kila mtu, na vijana wetu walimsikiliza Kalitabash vinywa wazi. Walikuwa wameshaanza hata kuona haya kula nguruwe mbele ya wageni.

Siku jiwe lilipoletwa, likikokotwa na ng'ombe waliotoa macho, mimi na Papash tulikuwa pale. Lilikuwa bamba moja, jeupe, pana kama kitanda cha bwana na bibi harusi wasioelewana.

"Bwana Kalitabash," Papash akauliza, "hii ni meza?"

"Kizingiti."

"Kizingiti cha nani? Cha ndovu?"

"Mzee, huko Ninawi kizingiti ni jiwe moja. Mjumbe wa Ashuru akija hapa akaona kile kijiti chenu cha mkuyu, atasema sisi ni wachunga bata."

"Sawa. Na watu wa Ninawi wanalirukaje?"

Kalitabash akafungua mdomo, akaufunga, akazishika ndevu zake. "Huko Ninawi," akasema, "watu wana miguu mirefu."

Tukacheka, tukaenda zetu. Mtu wa leo ataniuliza tulikuwa na akili gani. Akili tulikuwa nazo. Ila kwetu jiwe ni jiwe tu mpaka kuhani alibariki liwe kizingiti. Msimu mzima mafundi walikuwa wakiingia na kutoka juu yake na matope yao, wanawake wakiwaletea chakula wanalikalia, na hakuna aliyewaza. Kila mtu alilisifu. Lilisuguliwa kwa mchanga na mafuta mpaka ukiinama unaiona pua yako.

Siku ya baraka tukakusanyika wote. Sanamu ya Bibi ilikuwa imeshaingizwa ndani, na mfagiaji wake, bibi kizee Mirata, alikuwa ndani akipangusa vumbi la mwisho. Kuhani mkuu Harash akasimama nje, akachinja, akamwaga damu juu ya jiwe, akasema maneno yake yote, marefu, na kizingiti kikawa kizingiti. Ndipo akageuka aingie kumsalimu Bibi. Akainua mguu.

Akabaki hivyo. Alisimama kwa mguu mmoja muda mrefu, hata wengine wetu tukadhani ni sehemu ya ibada, nasi tukainua mguu mmoja.

Kutoka ndani Mirata akapaza sauti. "Mnangoja nini huko nje? Bibi anataka uvumba wake!"

"Tulia, mama," kuhani akasema.

"Nitulie vipi na nyumba mpya inanuka chokaa? Ingieni!"

"Toka wewe kwanza!" mtu mmoja akamwambia.

Mirata akaja mpaka ukingoni mwa jiwe, akalitazama, akatutazama sisi upande wa pili. "Nitokee wapi?" akauliza.

Hapo ndipo mji wa Ekroni, mji wa mafundi na wafanyabiashara, mji uliouza mafuta mpaka Misri, ulipofahamu kwamba umemjengea mungu wake nyumba isiyoingilika.

Mmoja akasema tuweke ubao. Kuhani akasema ubao ulio juu ya kizingiti ni kizingiti. Mwingine akasema tupite dirishani. Kalitabash, amejificha nyuma ya ng'ombe, akasema huko Ninawi nyumba za miungu hazina madirisha. Nikashauri jiwe ling'olewe. Kuhani akanitazama kama nimemtukania mama. Kizingiti kikishabarikiwa hakiguswi.

Katikati ya zogo hilo, Shagash akarudi nyuma, akakimbia, akaruka. Ile miguu! Alipita juu ya jiwe akatua ndani laini kabisa. Watu wakashangilia. Akaruka kutoka nje. Wakashangilia tena. Akaingia mara nyingine, bila kuombwa na mtu.

"Kumbe inawezekana!" kuhani Harash akasema, na jasho likamkauka usoni.

Shagash akatoka, akaja moja kwa moja kwa Papash, akalitazama tumbo lake kama mtu anayepima shamba. "Mzee Mtungi," akasema, "usijisumbue. Mwaka huu nitakubebea."

"Mtungi wa kwanza unabebwa na ukoo wa Adnash."

"Kweli," kuhani akaingilia. "Ukoo wa Adnash utaubeba, kama utaruka. Usiporuka, Shagash ataubeba, na wanawe baada yake. Ndivyo sheria ilivyo, Papash, sikuitunga mimi."

Papash alilitazama jiwe, kisha akajitazama mwenyewe chini, ingawa miguu yake hakuiona.

Ilibaki miezi ya joto kabla ya zeituni kuiva. Miezi hiyo yote Mirata alikaa ndani. Shagash alijitolea kumtoa mgongoni, akakataa katakata. "Nimeolewa na waume wawili na hakuna aliyewahi kunibeba, sembuse korongo huyu!" Basi tukamrushia mikate, tini na samaki wa kukausha. Alikuwa hodari wa kudaka. Mkate ukiwa mgumu aliurudisha kwa nguvu zile zile, na kuhani mkuu alitembea na uvimbe kwenye paji la uso kwa siku kadhaa.

Nyumbani kwa Papash, dada yangu Hirata alichukua uongozi. Hirata alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alichora mistari miwili ya majivu uani, upana wa lile jiwe, akamsimamisha mumewe upande mmoja.

"Ruka."

Papash akaruka. Akatua katikati.

"Rudia."

"Hirata, mke wangu, huoni jua?"

"Jua halijakuzuia kula. Rudia!"

Akampunguzia chakula. Pombe ya shayiri akaifungia. Siku ya tatu au ya nne Papash akaja kwangu, macho yameingia ndani, akaketi karibu na jiko bila kukaribishwa.

"Shemeji Wanunat, dada yako ananiua."

"Anakupenda."

"Basi apunguze."

Nikampa bakuli la dengu zilizopikwa na mafuta ya nguruwe. Akala, nikamwongeza. Aliporudi kwake Hirata alimnusa ndevu, na kabla ya jioni alikuwa mlangoni kwangu. Aliruka kizingiti changu kwa hasira mpaka akanipita. "Kaka yangu wa tumbo moja ndiye adui yangu!" akasema, akabeba chungu pamoja na dengu zilizobaki, akaenda nacho. Chungu hicho sikukiona tena.

Mistari ya majivu iliposhindwa, Papash akawaza kumruka nguruwe. Walikuwa na nguruwe jike mkubwa, mzee, aliyelala uani baada ya kula, na upana wake ulikuwa sawasawa na wa jiwe. Siku ya kwanza Papash alitua juu yake. Kelele zile zilisikika mpaka sokoni. Tangu hapo nguruwe alipomwona Papash anarudi nyuma ili apate mwendo, alisimama, na akisimama hakuna mtu angemruka, hata Shagash. Walitazamana hivyo kila siku, mtu na nguruwe, mpaka Hirata akawafukuza wote wawili.

Siku moja nilimkuta kinuni, ameketi juu ya jiwe la kusagia, kinu kimesimama. Zeituni zilikuwa zimeanza kubadilika rangi.

"Shemeji," akaniambia, "baba alibeba mtungi ule akiwa na homa. Babu aliubeba akiwa na jicho moja. Siku nitakapowakuta huko chini wataniuliza uliishia kwa nani. Niwaambie nini? Kwamba nilikuwa mnene?"

Nikamwambia labda Shagash atavunjika mguu. Akacheka kidogo, kwa adabu tu.

Siku ikafika. Mafuta ya kwanza yalitiririka mabichi, ya kijani, yanawasha koo. Papash akavaa kilemba cha manyoya cha babu yake, kile cha mtindo wa kale kinachosimama wima, ambacho vijana walikuwa wamekiacha, na wengine wao walikohoa alipopita. Mtungi akaubeba mikononi. Mji wote ulikuwa uwanjani, na mfalme kwenye kiti chake. Shagash alikuwa ameshafunga kanzu kiunoni na kuinyoosha miguu, mmoja baada ya mwingine, pembeni kabisa mahali ambapo kila mtu angemwona.

"Usilitazame jiwe," Hirata akamwambia mumewe. "Nitazame mimi."

"Wewe uko nyuma yangu."

"Basi nisikilize. Papash mwana wa Adnash, ukinitia aibu mbele ya mke wa Shagash, usirudi nyumbani. Lala na nguruwe."

"Hatanikubali," Papash akasema, akaanza kukimbia.

Sijui niseme aliruka. Aliondoka ardhini, hilo hakuna anayebisha. Kwa muda mfupi tumbo lilikuwa hewani, kilemba hewani, mtungi juu ya vyote, na watu wakavuta pumzi. Kisha akashuka. Alishuka kwa tumbo, katikati ya kizingiti, na mlio wake ulikuwa kama wa kofi la mungu. Mtungi ulibaki mikononi, umeinuliwa mbele, lakini mafuta yalimwagika kutoka mdomoni mwa mtungi, yakatangulia, yakatanda juu ya jiwe lile lililosuguliwa kama kioo. Na Papash hakusimama. Aliteleza. Alikwenda mbele kwa kasi, kifua chini, kichwa juu, miguu miwili imeinuka nyuma kama mkia wa samaki, akavuka jiwe lote, akaingia ndani, akampita Mirata aliyeruka pembeni na ufagio wake, akapotea gizani. Tukasikia kichwa kikigonga kitu.

Kisha sauti ya Mirata ikatoka ndani. "Amefika. Yuko miguuni pa Bibi. Mafuta yamebaki nusu hivi."

"Amekanyaga!" Shagash akapiga kelele. "Wote mmeona! Amekanyaga kizingiti!"

"Kwa kitu gani?" Hirata akamgeukia. "Kwa kidevu?"

"Amekigusa!"

"Nimekuuliza mguu. Mguu wa mume wangu ulikuwa wapi? Ulikuwa angani! Mji mzima umeziona nyayo zake zote mbili, na ni chafu, naona aibu, lakini zilikuwa angani!"

Wanawake wa mbele wakasema kweli, tumeziona. Mmoja akaongeza kwamba wa kushoto una ufa kisiginoni. Wote wakamtazama kuhani.

Harash akafikiri. Nilimtazama akifikiri. Alikuwa kuhani mkuu ambaye tangu mwanzo wa joto hajaingia katika nyumba ya mungu wake, akipigwa mikate na mfagiaji. Alilitazama jiwe linalong'aa mafuta. Akaitazama njia iliyopitwa na Papash.

"Kisichokanyagwa hakikukanyagwa," akasema. "Bibi amepokea."

Kisha akalivua joho lake, akalikunja, akalala kifudifudi. Akakunja miguu nyuma. "Nisukumeni," akasema.

Tukamsukuma. Aliingia vizuri. Baada yake wakaingia wazee wa mji, mmoja mmoja, kwa matumbo, na mfalme alishuka kitini akaomba ashikiwe taji. Shagash hakuvumilia. Yeye alikuwa na miguu, alisema, na ataingia kama mtu. Akarudi nyuma, akakimbia, akaruka, akalivuka jiwe lote kwa uzuri ule ule, na akatua ndani juu ya mafuta ya Papash. Miguu ikamkimbia. Alianguka kinyumenyume, akapinduka kichwa chini miguu juu, na visigino vyote viwili vikaja kugonga katikati ya kizingiti, paa, paa, mbele ya mfalme.

Wakamtoa nje, wakamwosha miguu.

Mirata alitolewa siku hiyo hiyo, juu ya ngozi ya kondoo, akitukana njia nzima. Na tangu hapo ikawa desturi: mafuta kwanza juu ya jiwe, kisha tumbo. Miaka ile ilikuwa mizuri. Baba waliwalisha wana wao wanenepe, maana mwembamba hakuteleza, alikwaruzika mbavu akasimama katikati kama kipande cha ubao, ikabidi asukumwe kwa ufagio. Papash alikuwa wa kwanza kila msimu. Kalitabash aliwahi kusema kwamba huko Ninawi jambo kama hili lingekuwa aibu, Hirata akamwambia njia ya kwenda Ninawi ni ile pale, wala haina kizingiti.

Kilichotumaliza hakikuwa moto, watu wanakosea. Kilikuwa mtu mmoja, mjumbe wa Ashuru aliyekuja kuhesabu mafuta ya mfalme wake. Alimkuta kuhani Harash katikati ya kuteleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akijipangusa macho, akapita juu ya kizingiti cha Bibi na viatu vyake, akaingia, akatazama huku na huku, akatoka tena akila tini.

Tulisimama pale tukingoja paa lianguke. Tulingoja mpaka jua likaenda upande. Halikuanguka. Laiti kingeanguka kigae kimoja tu juu ya kichwa cha mtu yule, leo tungekuwa watu.

Mwaka uliofuata kijana mmoja alikanyaga kwa kidole, akijifanya hakuona. Mwingine akakanyaga kwa mguu. Kisha wakawa wanapita tu, wanaongea, kana kwamba ni njia ya kwenda kisimani. Papash aliendelea kuteleza. Mwaka hadi mwaka alikuwa akipungua, tumbo likawa ngozi, na Hirata alikuwa akimsukuma kutoka nyuma kwa mikono miwili. Siku moja kijana akamwambia, bila ubaya, "Mzee, inuka bwana, pita tu."

Papash akamjibu akiwa chini pale pale. "Nipite niende wapi?"

Ashuru ikaanguka, na waliotucheka wakachekwa. Ikaja Babeli. Ya vita sitaandika, yameandikwa na walioshinda. Nitasema tu kwamba mji wenye mafuta mengi huungua vizuri.

Tulitembezwa, waliobaki, mpaka nchi hii ya tope. Pale mfereji mkubwa unapogawanyika, tulipangwa mstari, na karani wa Babeli akatupitia mmoja mmoja na mkalimani wake, akiuliza kila mtu kazi yake. Mimi nilisema mfinyanzi, nikapelekwa kaskazini kwenye matofali. Nyuma yangu walikuwa Papash na Hirata.

"Kazi?"

"Ninampelekea Bibi mafuta ya kwanza," Papash akasema.

Mkalimani akatafsiri. Karani akauliza jambo.

"Bibi gani?"

"Wa Ekroni."

"Ekroni haipo. Kazi?"

"Ninampelekea Bibi mafuta ya kwanza."

"Andika mchimbaji, bwana," Hirata akasema haraka. "Mchimbaji, na mimi pia. Huyu jua limempiga."

"Halijanipiga," Papash akasema. "Nimeulizwa, nimejibu."

"Nyamaza, mume wangu, watatutenganisha!"

Wakaandikwa wachimbaji wote wawili, wakaelekezwa kwenye mfereji wa kusini. Sikuruhusiwa kutoka mstarini. Hirata akanigeukia na sauti yake ile ile, askari wakashtuka. "Wanunat! Usile mboga za huku mbichi! Umenisikia?" Nikamwambia nimesikia.

Wakaondoka juu ya ukingo wa mfereji, pamoja na wengine, vumbi likiwafuata. Yeye alikuwa amebeba furushi lao kichwani. Papash kila baada ya hatua chache aligeuka nyuma, mkono juu, akitaka kumweleza yule karani jambo lake upya, na Hirata alimvuta kwa mkono wa kanzu, akageuka tena, akamvuta tena. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyowaona. Alikuwa bado anabisha.